Maswali ya Wasomaji: Nehemia alifunga akaomba, mbona na hesabu ya mbao alikuwa nayo?

Toleo lililopita nilimgusia Nehemia kwa aya mbili tu, nikasema huyu ni shujaa wa imani ambaye siku zake hakuna bahari iliyogawanyika, hakuna moto ulioshuka wala malaika aliyetokea, ni mtu na maombi yake na kazi yake basi, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuwa nyingi mpaka nikaamua ukurasa wote wa leo uwe wake.

Kwa ambaye hajawahi kukifungua kitabu chake, kwa ufupi iko hivi. Mwaka 445 KK hivi, Nehemia yuko Shushani kwenye ngome ya Artashasta mfalme wa Uajemi, kazi yake ni mnyweshaji, yaani yeye ndo anamkabidhi mfalme kikombe cha divai mkononi. Ndugu yake Hanani anafika na habari kwamba huko Yerusalemu ukuta umebomoka, malango yameteketea kwa moto, na watu waliobaki wako kwenye dhiki na aibu. Nehemia anakaa chini analia, anafunga, anaomba, kisha anaomba ruhusa kwa mfalme, anaenda, anajenga. Siku 52 ukuta umesimama. Haya, twende kwenye maswali.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili. Mume wangu ameokoka na ananipenda, ila kila nikigusia kuweka akiba ya dharura au kukata bima ya afya ya watoto ananiambia hiyo ni roho ya hofu, tumwachie Mungu, na siku hizi ana msemo wake "jitihada haiondoi kudura". Nikinyamaza moyo unaniuma, nikiongea naonekana sina imani. Nehemia angesemaje?

Marahaba dada yangu, na pole, maana kuonekana huna imani ndani ya nyumba yako mwenyewe kunachosha kuliko hata kukosa hela.

Nianze na mstari ambao mimi kwenye Biblia yangu nimeupigia mstari mpaka karatasi imetoboka, Nehemia 4:9. Maadui wamekula njama waje kuupiga mji, halafu Nehemia anaandika kwamba walimwomba Mungu wao, wakaweka na walinzi mchana na usiku. Soma taratibu uone kwamba hapo katikati hajaomba radhi kwa mtu, hasemi tuliomba ila kwa vile imani yetu ilikuwa ndogo tukaweka walinzi, anavitaja pamoja kama mtu anavyosema nilinawa nikala. Yule mlinzi aliyekuwa anapambana na usingizi saa tisa za usiku juu ya ukuta nusu hakuwa dalili kwamba maombi ya jioni yamegonga mwamba. Alikuwa ni yale yale maombi, sema sasa yamesimama na mkuki.

Najua shemeji anaweza kukujibu na Ezra, na akifanya hivyo ujue anasoma Biblia, mheshimu. Ezra alisafiri njia hiyo hiyo kuelekea Yerusalemu miaka 13 kabla ya Nehemia, na yeye aliona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi wa kumlinda njiani, kwa sababu alishamwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu wao uko juu ya wote wamtafutao. Wakafunga, wakaomba, wakasafiri bila askari, wakafika salama. Nehemia alipokuja kupita yeye, mfalme alimpa maofisa wa jeshi na wapanda farasi na hakukataa, aliwachukua akaenda nao. Sasa nani alikuwa na imani kati ya hao wawili? Wote, na kama kuna kitu kinaniudhi ni mahubiri ya kumchukua mmoja kumpigia mwenzake.

Ila ukiendelea kusoma Ezra sura ya 8 hiyo hiyo, mwambie shemeji asiishie mstari wa 23, utakuta huyu huyu aliyekataa askari kabla hajaondoka aliwatenga wakuu wa makuhani 12, akawapimia mkononi fedha na dhahabu na vyombo, fedha peke yake talanta 650, na walipofika Yerusalemu siku ya nne vikapimwa tena, vikahesabiwa, uzito wote ukaandikwa. Alikataa jeshi lakini mizani aliibeba. Kwa hiyo hata yule ambaye shemeji angemtegemea kwenye ubishi, na yeye alikuwa na daftari.

Na ile methali ya kudura ni ya kweli kabisa, jitihada haiondoi kudura. Lakini haijasema kudura inaondoa jitihada.

Nikuonye na wewe kidogo. Kuna akiba ya mlinzi na kuna akiba ya yule tajiri wa Luka 12 aliyepanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, halafu aiambie nafsi yake ipumzike, ile, inywe. Ukiona umeanza kulala usingizi mzuri kwa sababu ya hela iliyoko benki na si kwa sababu nyingine yoyote, hapo hofu ya shemeji itakuwa na ka-ukweli ndani yake. Usimpe mistari mezani, hakuna mwanaume aliyewahi kubadilika kwa kushindwa ubishi wa mistari mbele ya mke wake. Ombeni pamoja jioni moja kuhusu afya ya watoto, kwa majina yao, na mkishasema amina usinyanyuke, toa kalamu.

Bwana asifiwe kaka. Nina miaka 27, nimeajiriwa, lakini ndani yangu kuna mzigo wa kuwafundisha vijana Neno. Nimeomba karibu mwaka mzima mlango ufunguke, kimya. Niache kazi nijitose kwa imani au niendelee kungoja? Na kungoja kwenyewe ndo kufanyaje?

Ameni mdogo wangu. Hapa ndo penye utamu wa Nehemia, nivumilie nitasema sana.

Habari mbaya ilimfikia mwezi wa Kisleu, ambao ni kama Novemba kuingia Desemba. Siku aliyofungua mdomo mbele ya mfalme ilikuwa mwezi wa Nisani, yaani Machi kuelekea Aprili. Ni miezi minne hiyo, na ndani ya miezi minne kitabu hakituambii kitu, sura ya 1 inaisha na neno kwamba alikuwa mnyweshaji wa mfalme, sura ya 2 inaanza divai iko mbele ya mfalme. Maana yake ni nini? Ni kwamba alikuwa anaenda kazini! Anaamka, anavaa, anakibeba kikombe, anarudi, analia chumbani, kesho tena. Hakuandika barua ya kuacha kazi kwa sababu amepata mzigo, na ile kazi ambayo pengine aliiona ya kawaida ndo iliyomfikisha hatua mbili kutoka kwa mtu pekee mwenye uwezo wa kusema nenda.

Siku ikafika. Mfalme akamwangalia usoni akauliza mbona una huzuni na wewe si mgonjwa, na Nehemia anakiri mwenyewe aliogopa sana. Mfalme akauliza tena, unataka nini? Sasa angalia hapa kwa karibu, Nehemia 2:4. Kati ya swali la mfalme na jibu lake kuna sentensi moja, akamwomba Mungu wa mbinguni. Hakuomba udhuru akatafute pa kupiga magoti, mfalme kamkodolea macho, malkia amekaa pembeni, hiyo sala haiwezi kuwa ndefu kuliko pumzi moja. Watu wanaipenda sana hiyo sala ya pumzi moja, na mimi naipenda, ila wanasahau kwamba ilikuwa na miezi minne nyuma yake.

Halafu jibu lake sasa, ndo lililonifanya niandike kile kichwa cha habari hapo juu. Mfalme akauliza safari itachukua muda gani na utarudi lini, akampa muda. Akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto Frati wampitishe. Akaomba barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, na anamjua kwa jina, ampe mbao za boriti za malango ya ngome ya hekalu, na za ukuta wa mji, na za nyumba atakayokaa yeye. Mtu kaulizwa ghafla na ana njia, ana muda, ana mbao kwa matumizi matatu tofauti, na jina la mwenye msitu. Hivyo vitu havikumshukia kama upako pale pale mbele ya kikombe. Wakati analia alikuwa pia anapiga hesabu, na mi nadhani machozi ndo yalimfanya apige hesabu, maana mtu aliyeguswa kweli na jambo huanza kuuliza litagharimu nini.

Nikupe yangu. Nilipokuwa na umri kama wako niliitwa kwenye interviu ya kazi niliyoitaka sana. Nikafunga siku 3 kavu, sikuonja hata maji, nikaenda asubuhi nikiwa nimejaa Roho na midomo imekauka, wakanikalisha, mama mmoja wa makamo akanisalimia vizuri tu akauliza, unajua sisi hapa tunafanya nini? Sikujua. Nilikuwa nimeomba kuhusu ile ofisi siku tatu na sikuwahi kusoma hata kile kijikaratasi chao cha maelezo kilichokuwa kwenye bahasha ya kuniitia, nilikuja kukitoa siku hiyo hiyo nikiwa njiani narudi, bado kimekunjwa. Nilimlaumu shetani kama wiki mbili hivi.

Kwa hiyo kungoja ndo kufanyaje? Hao vijana unaowabeba moyoni unawajua kwa majina? Wangapi? Wanakutana siku gani, wapi, nani anawafundisha sasa hivi na amekwama wapi? Ukipewa nusu saa Jumapili ijayo una somo moja liko tayari, lililoandikwa na si lililo kichwani? Mwaka mmoja wa kuomba ungekuwa umekupa hata daftari moja. Kazi usiache. Ikifika siku ya kuacha utakuwa na cha kumjibu atakayekuuliza utarudi lini.

Mwalimu mnampamba bure huyo Nehemia. Alikuwa na konekshen Ikulu! Sisi ambao bosi wetu hata jina letu halijui tujifunze nini kwake?

Haha, hoja yako ina uzito na sitaikimbia. Ni kweli alikuwa na mlango wa mfalme. Lakini ukuta haukujengwa na Nehemia. Fungua sura ya 3, ile ambayo wote tunairuka kwa sababu ni majina matupu, ndo sura yenu nyie. Kuna makuhani, kuna wafua dhahabu, kuna mtengeneza manukato, hebu mwaze mtu mwenye vidole vya kupimia marashi anabeba jiwe, kuna Shalumu mwana wa Haloheshi aliyejenga yeye na binti zake. Na wengi imeandikwa walijenga kuelekea nyumba zao wenyewe, kipande kinachokutazama ukifungua mlango. Hao hawakumjua mfalme na mfalme hakuwajua.

Na kuna ka-mstari ka uchungu, 3:5, Watekoa, yaani watu wa mji wa Tekoa, walijenga ila wakuu wao hawakutia shingo kazini. Wenye majina makubwa walikaa pembeni. Ukishuka mpaka 3:27 unawakuta wale Watekoa wa kawaida tena, wamemaliza kipande chao na wamechukua kingine. Basi ndugu yangu, konekshen walikuwa nazo hao wakuu.

Eti ni kweli mnyweshaji alikuwa anaonja sumu kwanza?

Biblia yenyewe haisemi, inasema tu ndiyo kazi yake. Ila Xenophon, mwandishi Mgiriki wa zamani, anaeleza wanyweshaji wa wafalme wa Wamedi walivyokuwa wanamimina kidogo kiganjani wanaonja kabla ya mfalme. Uajemi ulichukua mengi kwa Wamedi kwa hiyo si ajabu.

Mwalimu shalom. Naongoza kwaya. Tulianza na moto, mwezi wa tatu huu watu wamepoa, kwenye grupu letu la simu kuna watu wawili ambao kila nikiandika ratiba wananikejeli, na mmoja ameanza kusambaza kwamba natafuta jina. Nikijibu ugomvi, nisipojibu naonekana kweli. Nimechoka.

Shalom mpendwa. Nehemia 4 inaonekana kama iliandikwa na mtu wa kwaya.

Kejeli ya Tobia, mmoja wa maadui wa Nehemia, ulishaisikia? Alisema hata mbweha akipanda juu ya huo ukuta wao ataubomoa. Ilikuwa ni utani mzuri kwa kweli, watu lazima walicheka. (Na hawa si watu wa hadithi tu, mwenzake Sanbalati anatajwa kama gavana wa Samaria kwenye barua ya mafunjo ya mwaka 407 KK iliyoandikwa na Wayahudi wa Elephantine kule Misri, kwa hiyo aliyekuwa anamkejeli Nehemia alikuwa ni mkubwa mwenye cheo chake.) Nehemia alijibu kejeli hiyo kwa Mungu, kwa maneno makali ambayo usiyaandike kwenye grupu, halafu sentensi inayofuata ni, basi tukaujenga ukuta.

Lakini nikuambie ninachokihofia kwako si wale wawili. Angalia nani alikaribia kuusimamisha ukuta, 4:10, si Sanbalati, ni watu wa Yuda wenyewe, wakisema nguvu za wachukuzi zimekwisha na kifusi ni kingi. Kifusi! Ukuta uko nusu, ule msisimko wa mwanzo umeisha, mawe ya zamani yamelala kila mahali na kila ukitaka kuweka jipya lazima uondoe matatu ya zamani kwanza. Kwaya yako imefika nusu ukuta. Kwa hiyo swali la kujiuliza si nani ananikejeli, jiulize kifusi ni nini. Mazoezi yanaisha usiku sana? Nyimbo ni zile zile? Kuna ugomvi wa zamani kati ya sauti ya kwanza na ya pili ambao uliukuta ukauruka? Nehemia hakuwapa hotuba ya kutia moyo peke yake, aliwapanga kwa jamaa zao, nusu wakajenga nusu wakashika mikuki, na mpiga tarumbeta akawa karibu naye, kwamba popote mtakapoisikia tukusanyike hapo. Punguza kazi, panga zamu, weka tarumbeta, yaani siku moja tu kwa wiki ambayo wote mnajua lazima tuonane.

Kuhusu hayo unayosambaziwa. Sura ya 6 wanamwita Nehemia bonde la Ono mara nne, mara nne anajibu jibu lile lile, nafanya kazi kubwa siwezi kushuka. Mara ya tano wakatuma barua iliyo wazi, haina muhuri, ili kila mtu njiani aisome, ikisema anataka kujifanya mfalme. Ni grupu hilo! Na jibu lake lilikuwa mstari mmoja, hayo unayosema hayapo, unayatunga moyoni mwako. Akarudi kazini. Kwa hiyo jibu mara moja, kwa ufupi, kwa heshima, halafu weka ratiba ya wiki chini yake.

Na akija mtu akakuambia ameoneshwa ujifiche mpaka mambo yatulie, pima. Shemaya naye alikuja kama nabii, akasema tujifungie hekaluni wanakuja kukuua, kumbe amelipwa na Tobia na Sanbalati. Nehemia alimjua kwa nini? Kwa sababu ujumbe wenyewe ulimtaka akimbie na atende dhambi kwa kuingia mahali ambapo si pake. Alikuwa analijua Neno kabla nabii hajabisha hodi.

Mwalimu, naomba usitaje nilipo. Mwaka jana kwenye semina niliacha kubeti. Miezi saba sijagusa. Nikaanza kufundisha wengine ushuhuda wangu. Mwezi uliopita nimerudi, na vibaya kuliko mwanzo. Programu yenyewe sikuifuta kwenye simu, niliiacha ya kuangalia matokeo ya mpira tu. Najiona mnafiki. Nianzie wapi?

Asante kwa kuniamini. Nimesoma barua yako mara tatu na sentensi niliyoiona ni moja, umeshaijua mwenyewe ndo maana umeiandika.

Watu wakihubiri Nehemia huishia kwenye siku 52 na shangwe. Kitabu hakiishii hapo. Nehemia alirudi kwa mfalme mwaka wa 32 wa Artashasta, akakaa, akaomba ruhusa tena, akaja Yerusalemu akakuta nini? Ukuta umesimama vizuri kabisa. Na Tobia, yule wa mbweha, amepewa chumba ndani ya nyua za hekalu. Kuhani Eliashibu aliyempa huenda ndo yule yule ambaye sura ya 3 anatajwa wa kwanza kabisa kujenga. Tobia humo ndani hakuwa anapigana na mtu wala anamtukana mtu, alikuwa ana chumba tu, ana vyombo vyake.

Nehemia alichukizwa, akavitupa nje vyombo vyote vya Tobia. Hakumwambia abakize kiti kimoja cha kukalia akija kutembea. Na 13:9 kuna kitu cha pili ambacho usikiruke, aliamuru vyumba visafishwe, akavirudisha mle vyombo vya nyumba ya Mungu na sadaka za unga na ubani. Kwa sababu chumba hicho hakikuwa kitupu kabla ya Tobia, kilikuwa na kazi yake, na vitu vilitolewa ili yeye aingie.

Kwako naamini ni hivyo. Ushuhuda simama kwanza, si adhabu, pumzika tu, tafuta mzee mmoja wa kanisa unayemwamini umwambie kiasi kilichoenda, namba kamili. Futa hiyo programu ukiwa umekaa naye, matokeo ya mpira utayasikia kwa watu. Halafu mwambie na hili ambalo hukuniandikia: zile saa ulizokuwa unakaa kuweka mkeka, ndani ya ile miezi saba ulikuwa unazifanyia nini, na uliacha lini?